Kofia Nimeitoa, Sufuria Nimeiweka

Odette mwanangu,

Salamu kutoka jikoni, hatua kumi na mbili kutoka hapo ulipo. Mimi ni mzima, mama yako ni mzima, na wewe nakusikia ukigombana na zipu ya sanduku, kwa hiyo sina haja ya kuuliza hali yako. Tangu tufike Louisville sijaandika barua ndefu zaidi ya ile ya kumwomba mwenye nyumba atengeneze hita, na ile ulinisahihishia wewe. Hii hutanisahihishia. Isome ukishafika Kenmore, huko Buffalo, umekula, umekaa, na mlango umeufunga.

Sitakufundisha kuvaa soksi. Mambo ya theluji ya Buffalo, mafuta ya gari, na namna ya kumjibu shangazi yako wa Hilliard, utakapolala njiani, atakapokuuliza kuhusu ndoa kabla hujavua viatu, mama yako ameyaandika kwenye karatasi tatu na kuzibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Karatasi nzima ni ya shangazi. Mimi nina jambo moja tu, nimelibeba miaka kumi na miwili, na wiki hii nimejaribu kukuambia mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa unakula. Mara ya pili ulikuwa unalia kwa sababu ya shati lililoungua kwa pasi. Mara ya tatu nilianza vizuri kabisa, halafu nikajikuta nakueleza jinsi ya kupima upepo wa matairi.

Mara ya nne ilikuwa jana, uliponisomea ule ukurasa utakaousoma mbele ya wenzako wiki ya kwanza ya chuo. Uliusoma kwa Kiingereza, kisha ukanitafsiria polepole kama unavyofanya tangu utotoni. Unaanza kwa kusema kwamba baba yako alikuwa kapteni katika vita vya Burundi, kwamba aliongoza watu arobaini, na kwamba ni yeye aliyekufanya utake kujua maisha ya askari. Ukaniuliza kama kuna mahali umekosea. Nikasema labda herufi zingekuwa kubwa kidogo.

Odette, mimi sikuwa kapteni. Nilikuwa mpishi.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka kunywa maji, sasa nimerudi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka kumi, na tulikuwa na mwaka mmoja tu hapa mtaani Iroquois. Mwalimu wako alituletea karatasi, nawe ukatusomea mezani. Jumamosi, saa nne asubuhi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini, kutakuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Familia zote zinakaribishwa. Maegesho ni bure. Kila mtu aje na kiti chake.

Mama yako aliacha kutafuna. Nikakuuliza nani kaanza. Ukasema ni watu wa Kaskazini na watu wa Kusini. Nikauliza sisi wa Kentucky tuko upande gani, ukasema Kentucky ilikuwa katikati. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, maana watu wa katikati nawajua, wao hupigwa na pande zote mbili. Ukatueleza kwamba ni vita vya zamani, kwamba watu wanaviigiza tu ili wakumbuke. Mama yako akauliza ni mtu gani mwenye akili anayehitaji kukumbushwa vita. Lakini mwalimu ametualika, na mwalimu huyo ndiye aliyekufundisha kusoma kwa lugha yao, kwa hiyo nikasema tutakwenda. Ila tutakwenda tukiwa tayari.

Unakumbuka tulivyokuwa tayari. Karatasi zetu zote za ukimbizi zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya shati langu. Kwenye buti la gari kulikuwa na blanketi mbili, madumu mawili ya maji, ugali, na sufuria ya maharage. Tangi la mafuta lilijaa mpaka juu. Tulipofika, yule mzee mwenye fulana ya rangi ya chungwa akatuonyesha pa kuegesha, nami nikaegesha gari likiangalia barabarani. Akaja kuniambia niligeuze kama wenzangu. Nikaligeuza, akaondoka, nikaligeuza tena. Tulifanya hivyo mara tatu mpaka akachoka, akaenda kuwasumbua wengine.

Sijawahi kuona vita vinavyosubiriwa namna ile. Watu wamekaa kwenye viti wanakula viazi vya kukaanga, na pale chini wanaume wazima wenye ndevu wamevaa makoti ya sufi, ya buluu huku na ya kijivu kule, kwenye jua lile. Nikaanza kutulia. Nikajiambia vita vyenye vyoo vya kuhamishika haviwezi kumuua mtu. Halafu wakafyatua mzinga.

Yaliyofuata umeyasimulia kwenye kila sherehe, na kila mara unasema baba alikushika mkono akakimbia nawe mpaka msituni. Nimekuwa nikiinamisha kichwa watu wakinisifu. Mwanangu, aliyekushika mkono ni mama yako. Mimi nilishika sufuria.

Mama yako alikaa siku tatu bila kunisemesha, ukadhani ni kwa sababu nilimwaibisha mbele ya wazungu. Sivyo. Ni kwa sababu niliangalia nyuma mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naangalia kama maharage yanamwagika.

Msituni tukamkuta yule marehemu. Alikuwa amelala chini ya mti, koti la kijivu, miguu mitupu, nami nikakufunika macho. Akafungua jicho moja. Akakueleza, nawe ukatutafsiria, kwamba asubuhi walichota vikaratasi kwenye kofia ili kujua nani afe saa ngapi, na yeye alipata kufa mwanzoni. Alifurahi, kwa sababu viatu vya zamani vilikuwa vinamuua kabla ya wakati. Kumbe alikuwa fundi bomba kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa na njaa, kwa sababu wafu hawaruhusiwi kurudi kwenye chakula mpaka vita viishe. Mama yako hawezi kumwangalia mtu mwenye njaa hata kama amekufa, kwa hiyo akampakulia.

Alikula vizuri sana. Kisha akaniangalia, akakwambia uniulize kama niliwahi kuwa vitani, maana mtu aliyekimbia vile hakujifunza kwenye uwanja wa mpira. Ukanigeukia na ugali mkononi.

Hapa nataka unielewe, hata kama hutanisamehe. Mwaka mzima ulikuwa mdomo wangu. Ulinitafsiria hospitali, ukanitafsiria shuleni kwako, ukanitafsiria kwa watu wa umeme. Kila ulipofungua kinywa kwa niaba yangu ilikuwa ni kuomba, au kuuliza niweke sahihi wapi. Ulikuwa na miaka kumi na ulikuwa umeshaanza kunisemesha polepole kana kwamba mimi ndiye mtoto. Siku ile nilitaka utafsiri kitu kikubwa kuhusu baba yako, hata mara moja tu.

Nikasema, "Mwambie nilikuwa kapteni."

Macho yako yalivyonitazama sijayasahau mpaka leo. Ukatafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Na yule marehemu akasimama, miguu mitupu, tonge la ugali mkononi, akanipigia saluti.

Nilidhani yataishia pale. Lakini fundi bomba yule aliwaambia wenzake, na mwaka uliofuata wakanipa kofia ya ofisa na kuniweka mstari wa mbele. Wewe ukaandika shuleni. Mtoto wa mzee wa kanisa akasoma, na kwaya nzima ikaanza kuniita Kapteni. Kutoka kanisani jina likafika kazini, ghalani, msimamizi akasema kumbe huyu anajua kuongoza watu, akanipa geti la kupakia. Miaka minane naongoza geti kwa cheo ambacho sikupewa na jeshi lolote duniani. Na naliongoza vizuri, hilo niseme.

Mama yako alinionya mara moja tu. Alikuwa anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua uso, "Sasa utakuwa kapteni mpaka lini?" Nikamwambia mpaka mtoto akue. Umekua, una miaka ishirini na miwili, nami nimezeekea kwenye cheo. Tulipohojiwa kambini kabla ya kuja huku, nilisema ukweli wote, upo kwenye faili. Serikali ya Marekani inajua kwamba nilikuwa mpishi. Mama yako anajua. Katika watu ambao ningependa wanijue, umebaki wewe tu.

Na jambo lililonitesa zaidi ni kwamba wewe hukuwapenda makapteni. Miaka yote tuliyozunguka kwenye viwanja vya vita, mimi nimebeba kiti chako na kisanduku cha baridi, hukusimama hata mara moja kwenye sanamu ya mtu aliyepanda farasi. Wewe ulitaka kujua walikula nini, walilala juu ya nini, chawa waliwatoaje. Ulinisomea barua zao kwenye gari. Huyu anaomba soksi kwa mama yake, yule anauliza kama ng'ombe amezaa, na wote, kaskazini na kusini, wanamtukana mpishi. Kahawa yake maji, biskuti zake mawe, maharage hayajaiva. Unakumbuka siku ile kwenye barabara kuu nilivyopandisha sauti? Nikasema wamwulize basi huyo mpishi kuni zilikuwa mbichi au kavu. Wamwulize maharage aliyopewa yalikuwa ya mwaka gani. Ukaniangalia, ukaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nimekasirika. Nikasema nimekipita kituo cha mafuta.

Halafu kuna ile siku ya makaburi yenye namba bila majina. Ulipita ukiyasoma moja moja. Kisha ukasema kwa Kiingereza, na ukarudia kwa Kiswahili ili uhakikishe nimekupata:

"Baba, wakubwa waliandika vitabu vyao wenyewe. Hawa wadogo hakuna aliyewauliza."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako, kiti begani, kofia ya ofisa kichwani. Kama kuna siku niliyostahili kusema, ni ile. Nikakuuliza kama una njaa.

Basi sikiliza sasa, kwa kuwa unataka kujua wadogo waliishije. Nilikuwa na miaka ishirini. Watu wenye bunduki walitukuta barabarani tukitoka sokoni, wakatuchukua vijana sita, wakatupandisha milimani. Wakauliza kila mmoja anajua nini. Mimi nilikuwa nimefanya kazi jikoni kwa mapadri, nikasema najua kupika. Wakanipa sufuria ya watu wanane kwa watu kumi na wanne, kwa hiyo kila siku nilipika mara mbili, na zamu ya pili ilikuja kila mara na matusi. Hao arobaini niliwaongeza mimi. Walinipa pia bunduki isiyo na risasi. Niliichomeka chini nikaanika juu yake vitambaa vya jikoni.

Nilikaa nao wiki kumi na moja. Unaniuliza kila mara watu vitani huzungumza nini. Huzungumza chumvi. Huzungumza viatu. Palikuwa na mmoja aliyekoroma mpaka tukampangia alale mbali, na mwingine aliyejua kila timu ya mpira ya Ulaya na hakuwahi kuona televisheni zaidi ya mara tatu. Moshi ukiwa mwingi nilitukanwa, moto ukiwa mdogo na maharage magumu nilitukanwa. Niliogopa kila siku, Odette, na mkono uliendelea kukoroga. Siku moja walitoka asubuhi, wakarudi, nikapakua kama kawaida. Sehemu mbili zikabaki. Hakuna aliyezigusa na hakuna aliyenitukana, na hapo ndipo nilipojua siwezi tena.

Kesho yake mchana nikaenda mtoni kuosha sufuria. Mpishi mwenzangu alikuwa Melkiori, mtu mrefu mwenye jino la mbele lililokatika. Alikuwa amekaa njiani anachonga mwiko. Nikampita. Akaniuliza naenda wapi.

"Kuosha sufuria," nikasema.

"Mto uko huku."

"Najua."

Aliniangalia, akaangalia sufuria kichwani pangu, akarudi kwenye mwiko wake. Akasema, "Basi isugue vizuri."

Nilitembea siku tatu mpaka mpakani, na sikuitupa sufuria, kwa sababu kila niliyekutana naye nilimwambia naenda kuiosha. Siku tatu, mito yote niliivuka, na mimi bado naenda kuosha sufuria. Ndivyo nilivyoingia Tanzania. Kambini nilikuwa kijana pekee asiye na ndugu aliye na sufuria yake mwenyewe, na bibi yako mzaa mama aliliona hilo kabla mama yako hajaniona mimi. Uji wako wa kwanza ulipikwa ndani yake. Ndiyo hiyohiyo ambayo ofisa wa uwanja wa ndege aliigeuzageuza akitafuta kilichofichwa, na ndiyo niliyoishika mzinga ulipolia. Mkono wangu ulikuwa umezoea kukimbia nayo kabla haujajua kuwa una mtoto.

Lakini jioni ile kule mlimani palikuwa na watu wenye njaa bila sufuria, na palikuwa na Melkiori aliyeniona nikienda. Sijui walimfanya nini. Hilo silifanyii mzaha. Unakumbuka kwenye harusi za watu wetu kule Columbus ninavyozunguka meza hadi meza, nawe unasema baba anagombea ubunge? Nilikuwa namtafuta yeye. Kila mzee anayetoka upande ule namwuliza kama anamjua Melkiori mwenye jino lililokatika. Miaka yote hii hakuna anayemjua. Buffalo nako kuna watu wetu wengi, wanasali, wanaoana, wanazika. Ukiwa nao, niulizie. Lakini uwaambie anayemtafuta ni mpishi mwenzake, maana kapteni Melkiori hamjui.

Sikuambii usidanganye. Utadanganya, tena shangazi yako utamdanganya kesho, na mimi nitakuunga mkono. Ninachojua ni kwamba nilisema neno moja ili mtoto wangu anitazame vizuri, na tangu siku ile kila uliponitazama vizuri nilijua unamtazama mtu mwingine. Nilimwonea wivu huyo kapteni. Alikula chakula changu, alikaa kwenye kiti changu, na binti yangu alimpenda.

Sasa naogopa. Naogopa utaweka barua hii chini na utakaa wiki bila kupiga simu, na nitastahili. Lakini naogopa zaidi usimame mbele ya wale watu umevaa kofia ile, useme jina langu, na mmoja wao aulize swali ambalo ungepaswa uwe na jibu lake.

Kofia nimeitoa sandukuni ulipokuwa unaoga. Usiitafute. Mahali pake, chini kabisa, chini ya masweta, nimeweka sufuria. Zipu unayogombana nayo sasa hivi ni kosa langu, na nakusikia ukimlaumu mama yako, naye ananiangalia mlangoni. Barua hii nitaiweka ndani yake, nifunike.

Ukurasa ni wako, uandike unavyotaka. Ila kama nitabaki kwenye ule mstari wa kwanza, niweke na mwiko wangu. Na Jumapili nikitoka kanisani, kama utataka, nipigie. Leta yale maswali yako yote, ya chawa, ya viatu, ya kuni, uniulize kama ambavyo ungewauliza wale wenye namba. Nitajibu kwa zamu, na mama yako atakaa karibu kunisahihisha.

Huko Buffalo maharage utayapata. Yaloweke usiku kucha, moto uwe mdogo, na ukimaliza, isugue vizuri.

Baba yako,
mpishi